Kati ya Ujirani Mwema na Kilio cha Ng'ambo

Msomaji mmoja wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mfanyabiashara wa Ziwa Tanganyika, ameniletea swali refu ambalo nalifupisha bila kulipunguzia uzito. Anaeleza kwamba kwa miaka mingi amekuwa akivusha chumvi ya Uvinza na unga kwenda Rumonge, Burundi, na Uvira, Kongo, na kurudi na mawese na vitenge. Kwamba mwezi Mei 2015 alikuwapo bandarini Kigoma meli ya Liemba ilipokuwa ikishusha watu waliokimbia Burundi na kurundikana katika kijiji cha mpakani cha Kagunga, wengine wakiwa hoi kwa kipindupindu. Na kwamba miaka michache baadaye aliwatazama viongozi wa Tanzania na Burundi katika taarifa ya habari wakiitana ndugu. Kisha anauliza: "Mwalimu, nchi inayowapokea waliokimbia inawezaje kumkumbatia yule waliyemkimbia? Tunanyamaza kwa sababu ya bandari na reli, au kuna busara ambayo sisi wa mwaloni hatuioni? Na mimi ninayeuza chumvi kule, je, nina sehemu katika lawama hiyo?" Mwishoni ameongeza jambo dogo kuhusu mama mmoja wa kambi ya Nyarugusu ambaye wanafahamiana tangu siku ile ya bandarini. Nitalifikia baada ya hayo mengine.

Nianze kwa kuikataa picha ya mizani. Tukizungumza habari hizi huwa tunaweka uhusiano upande mmoja na haki za watu upande wa pili, tukidhani kwamba kila kinachoongezwa huku lazima kipungue kule. Picha hiyo ni rahisi kueleweka, lakini inapotosha, kwa sababu uhusiano wa kidiplomasia si tuzo anayopewa mwenye tabia njema. Ubalozi ni mlango. Hata nchi zilizo vitani huutafuta mlango huo kwa udi na uvumba, mara nyingi kwa kupitia nchi ya tatu, kwa kuwa bila mlango hakuna pa kupeleka hata lalamiko. Kwa hiyo kuwaona viongozi wakikumbatiana hakujatuambia neno lolote bado. Tunachopaswa kukitafuta ni kile kilichosemwa waandishi wa habari walipokwisha kutoka chumbani, kilisemwa na nani, na kilifuatwa na nini.

Sheria ya kimataifa yenyewe inavuta pande zote mbili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, katika ibara ya 2(7), unauzuia Umoja huo kuingilia mambo yaliyo ndani ya mamlaka ya nchi. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamkataza balozi, katika ibara ya 41, kujiingiza katika mambo ya ndani ya nchi aliyotumwa, na ibara ya 9 inairuhusu nchi hiyo imtangaze kuwa mtu asiyetakiwa bila kutoa sababu yoyote. Lakini katika mji huohuo wa Vienna, mwaka 1993, mkutano wa dunia ulitamka kwamba haki za binadamu ni jambo linaloihusu jumuiya yote ya kimataifa. Kwa mazoea ya leo, kuuliza, kutoa hoja na hata kulaumu hakuhesabiwi kuwa ni kuingilia. Kufadhili waasi, kupeleka silaha au kulazimisha kwa nguvu ndiko kuingilia. Tofauti hiyo ifaa kukumbukwa kila waziri wa nchi fulani anapofoka "msituingilie" baada ya kuulizwa tu mfungwa wake yuko wapi.

Kwa mtu wa Kigoma, hata hivyo, mkataba wenye maana zaidi ni ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969 kuhusu wakimbizi. Ibara yake ya 2 inasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na kwamba hakuna nchi mwanachama itakayolichukulia kuwa tendo la uhasama. Sentensi hiyo fupi inajibu nusu ya swali lako. Waliouandika mkataba walikwisha kuona wakimbizi wa Rwanda, tangu 1959, wakigeuka chanzo cha ugomvi baina ya majirani, kwa sababu baadhi yao walijipanga wakarudi kushambulia, na serikali iliyoshambuliwa ikamwona aliyewapokea kuwa mshiriki. Basi wakaweka mapatano ya aina yake: mimi nitampokea mtu wako na wewe hutaninunia, nami kwa upande wangu sitamruhusu akushambulie kutoka kwangu. Ndiyo maana ibara hiyohiyo inataka wakimbizi wakae umbali wa kuridhisha kutoka mpakani, na ibara ya 3 inawakataza kufanya uchokozi dhidi ya nchi yoyote mwanachama, iwe kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio.

Hivyo unapoona Tanzania inawapokea Warundi kwa maelfu na wakati uleule inaendelea kuwa na balozi wake Bujumbura, huoni unafiki hata kidogo. Unaona mkataba wa 1969 ukifanya kazi iliyokusudiwa. Kinachoweza kulaumiwa ni namna unavyotekelezwa, na hapo sitaficha maoni yangu: kwa nyakati mbalimbali sharti la usalama limevutwa kupita urefu wake. Kumzuia mtu asivuke mpaka na bunduki ni wajibu wetu kwa jirani; kumzuia mama asitoke nje ya kambi kwenda kuuza mihogo yake hakumpi jirani usalama wowote.

Sasa nije kwenye kunyamaza, maana ndicho kinachokuuma. Kuna kunyamaza kwa aibu, na Afrika imekufanya. Aprili 1972, baada ya uasi uliozuka kusini mwa Burundi, pande zilezile za Rumonge na Nyanza-Lac unakopeleka chumvi yako, serikali ya Rais Micombero iliwageukia Wahutu waliosoma, walimu, watumishi na hata wanafunzi wa sekondari, ikawaua kwa idadi inayokadiriwa kupita 100,000. Mwezi Mei, mauaji yakiendelea, Katibu Mkuu wa OAU, Diallo Telli, alifika Bujumbura akatangaza mshikamano na serikali hiyo. Kanuni ya kutoingilia ilikuwa imehifadhiwa vizuri. Miaka mitano baadaye Telli mwenyewe alikufa kwa kunyimwa chakula katika gereza la Camp Boiro nchini kwake Guinea, chini ya utawala wa Sékou Touré, na kanuni aliyoilinda ikamkosesha msemaji. Sisemi hivi kwa kumsimanga marehemu. Nasema kwa sababu sijaona mfano mwingine unaoonyesha wazi kiasi hicho kwamba ukuta anaoujenga kiongozi kumkinga mwenzake huweza kumfungia yeye mwenyewe ndani.

Upande wa pili kuna kusema kwa gharama, na hapo Tanzania ina historia ambayo vijana wengi wanaijua nusu. Tarehe 15 Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ilishindwa kuuzima utawala wa walowezi uliojitangazia uhuru Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukasimamishwa, na uhusiano haukurudi hadi 1968. Mwaka huo wa 1968, mwezi Aprili, tukawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, kwa hoja ya Mwalimu Nyerere kwamba watu waliochinjwa na kufukuzwa hawawezi kulazimishwa kuamini kuwa wako nyumbani. Nigeria ilikasirika, OAU karibu yote haikutufuata, na Biafra ikaanguka Januari 1970. Kama unapima kwa matokeo, tulipoteza. Kama unapima kwa kusema lililoonekana kuwa kweli, bado watu wanabishana, na mimi ni mmoja wa wanaoona kwamba hoja ilikuwa nzuri kuliko uamuzi wenyewe, kwa sababu kuitambua nchi iliyozingirwa pande zote hakukumwongezea mtoto wa Biafra kikombe cha maziwa.

Mfano wa Idi Amin ndio mgumu zaidi. Alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, Nyerere alikataa kuitambua serikali yake, akampa Obote, rais aliyepinduliwa, makazi Dar es Salaam. Kwa kuwa Mamlaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ni marais watatu, na mmoja hakubali kuketi na mwenzake, kikao chao hakikufanyika tena, na Jumuiya ikaendelea kwa kuchechemea hadi ilipokufa mwaka 1977. Nikiri kwamba sababu za kifo hicho zilikuwa nyingi, zikiwamo ugomvi wa Kenya na Tanzania juu ya reli na ndege, lakini kiti kitupu cha juu hakikusaidia. Mwaka 1975 OAU ilifanya mkutano wake Kampala na kumpa Amin uenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia. Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni. Watu wengi husahau jambo moja hapo: hata tulipofika Kampala, serikali yetu haikujitetea kwa kusema imekwenda kuokoa haki za Waganda. Ilisema inajihami dhidi ya aliyetuvamia. Nchi iliyomkataa Amin waziwazi kwa miaka minane bado ilitafuta kivuli cha hoja ya kujihami, kwa kuwa ilijua majirani wangeogopa zaidi nchi inayojipa kibali cha kuvuka mpaka kwa niaba ya haki za wengine kuliko walivyomwogopa Amin.

Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994 woga huo ulilegea. Sheria ya kuunda Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé Julai 2000, inasema katika ibara ya 4(h) kwamba Umoja una haki ya kuingia katika nchi mwanachama kwa uamuzi wa wakuu wa nchi, pakiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ibara ya 4(g), mstari mmoja tu juu yake, inaikataza nchi moja moja kuingilia mambo ya nyingine. Maana yake ni kwamba lililo mwiko kwa mmoja limeruhusiwa kwa wote kwa pamoja. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo liliidhinisha askari 5,000 waende Burundi. Serikali ya Burundi ikasema itawahesabu kuwa wavamizi, na mwezi Januari 2016 wakuu wa nchi, walipokutana Addis Ababa, wakarudi nyuma na kutuma ujumbe wa viongozi badala ya askari. Ibara ile haijawahi kutumika mpaka leo kama ilivyoandikwa.

Nadhani sasa unaona kwa nini nasita kumlaumu mtu kwa kukosa sauti kubwa tu. Lakini kuna kipindi ambacho sisi wa Kigoma tulikiona kwa macho, nacho kinafundisha kuliko mikataba. Meja Pierre Buyoya alipopindua serikali tarehe 25 Julai 1996, viongozi wa kanda walikutana Arusha siku sita baadaye wakaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Waliovikubali hawakuwa Wazungu wa mbali. Walikuwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na wengine wa hapahapa. Mizigo ya Burundi inayopita reli ya kati hadi bandari yetu ikakatika. Mwenye umri wa kutosha anakumbuka kilichofuata: mafuta yakapanda bei Bujumbura, na usiku ziwa likawa na shughuli kuliko mchana. Waliokuwa na maboti na jamaa katika ofisi waliopaswa kuzuia walitajirika. Mkulima wa Makamba, kusini mwa Burundi, akakosa mbolea na chumvi. Masharti yalilegezwa hatua kwa hatua kwa ajili ya dawa, chakula na mahitaji ya shule, na Januari 1999 vikwazo vikasimamishwa.

Je, vilifaa? Mazungumzo ya Arusha yaliyoanza Juni 1998 yalizaa mkataba wa amani uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na siamini kwamba Buyoya angefika mezani kwa haraka ile bila mbano huo. Hata hivyo, Nyerere alikuwa msuluhishi na wakati huohuo nchi yake ilikuwa miongoni mwa wanaoadhibu, na serikali ya Bujumbura haikuacha kulitumia jambo hilo kumwita mwenye upande, hata ikakataa kuhudhuria mazungumzo mwaka 1997. Ilibidi Mandela, aliyepokea kazi hiyo baada ya Nyerere kufariki Oktoba 1999, aje na mikono isiyokuwa na historia ya vikwazo. Anayeshika fimbo hawezi kwa urahisi kushika pia kalamu ya mapatano. Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya tahadhari ya Tanzania mwaka 2015 na baadaye, Rais mstaafu Mkapa alipopewa kazi ya kuwezesha mazungumzo ya Warundi. Serikali ya Tanzania ikisema kwa ukali, Mkapa anapoteza kiti. Ikinyamaza, waliokimbia wanajiona wamesalitiwa. Ilichagua kiti. Mazungumzo yenyewe yalikwama, kwa kuwa Bujumbura haikukubali kuketi na watu iliowahesabu kuwa wapinduzi, na kwa hiyo unaweza kusema kwa haki kwamba bei ililipwa na bidhaa haikuja.

Nchi za mbali zina uhuru ambao sisi hatuna. Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi Machi 2016 na kuurejesha Februari 2022. Serikali ilitikisika kifedha, lakini katikati ya hayo ilijitoa pia katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Oktoba 2017, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na wakati mwingine humkimbiza tu akajifiche pasipofikika. Kanada nayo, Agosti 2018, ilitoa tamko la hadharani ikiitaka Saudi Arabia iwaachie wanaharakati waliokamatwa. Saudi Arabia ikamfukuza balozi, ikasimamisha biashara mpya na kuwaondoa wanafunzi wake, na uhusiano kamili haukurudi hadi 2023. Wakati huohuo Gambia, nchi ndogo isiyo na biashara ya kutajwa na Myanmar, iliishtaki nchi hiyo katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwezi Novemba 2019 kwa yaliyowapata Warohingya, Waislamu walio wachache huko, na Januari 2020 ikapata amri ya muda ya kuwalinda. Kwa mahakama Gambia ilipata kitu ambacho Kanada haikukipata kwa tamko. Ila Gambia haipakani na Myanmar. Haina Kibirizi.

Ujirani unabadilisha kila kitu, na unabadilisha pande zote mbili. Ni kweli kwamba tunataka mizigo ya Burundi ipite Dar es Salaam na Kigoma, na kwamba reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, imewekewa matumaini makubwa. Hata hivyo watu hufanya kosa la kudhani kuwa biashara humfunga muuzaji peke yake. Burundi haina bahari. Sehemu kubwa ya bidhaa zake za nje inapita kwetu, na Bujumbura inalijua hilo usiku na mchana bila kukumbushwa. Uzito wa namna hiyo una nguvu zaidi kabla haujatumika. Ukishautumia, kama 1996, unabaki na walanguzi. Kwa hiyo nikiambiwa kuwa tunanyamaza kwa sababu ya reli, nauliza: reli hiyo mbona isiwe sababu ya kusikilizwa?

Hapo ndipo linapokuja suala la kutofautisha diplomasia ya faraghani na woga uliovaa koti. Kwa nje vinafanana, maana vyote viwili havisikiki. Mfano ninaoupenda ni wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo huingia magerezani kwa ahadi ya kutotangaza inachokiona. Wengi huilaumu kwa ukimya huo. Lakini wajumbe wake huzungumza na mfungwa mmoja mmoja pasipo askari, huandika jina lake ili asipotee, humpelekea mkuu wa gereza na waziri ripoti yenye madai mahususi, hurudi tena kuangalia kama kimebadilika kitu, na Kamati imejiwekea haki ya kusema hadharani ikiwa ukiukaji ni mkubwa na maneno ya faragha yamegonga mwamba. Ukimya wa aina hiyo una kazi ndani yake: una majina, una tarehe ya kurudi na una hatua inayofuata. Serikali inayodai kuwa "tunazungumza nao kimyakimya" lakini haiwezi kumwonyesha hata mbunge wa kamati ya mambo ya nje, kwa siri, orodha ya ilichodai na ilichojibiwa, haizungumzi. Inafunika kombe mwanaharamu apite.

Njia ya kati kati ya tamko na ukimya mara nyingi ni taasisi tulizozijenga wenyewe, kwa sababu pale nchi haionekani kumsuta jirani. Kinachomsuta ni mkataba aliousaini. Ibara ya 6(d) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi wanachama ziheshimu utawala wa sheria na haki za binadamu. Mwaka 2007, katika shauri la Katabazi kutoka Uganda, watuhumiwa walikuwa wamepewa dhamana kisha wakakamatwa tena na watu wenye silaha waliolizingira jengo la mahakama. Mahakama ya Jumuiya iliyopo Arusha ilikiri kwamba haijapewa rasmi mamlaka ya mashauri ya haki za binadamu, lakini ikasema haitajinyima kazi ya kuufafanua Mkataba kwa sababu tu lalamiko linagusa haki hizo. Burundi imekuwa mwanachama tangu 2007 na Kongo tangu 2022, kwa hiyo ziwa letu, ukiiacha pwani ya Zambia kule kusini, liko chini ya ibara hiyo.

Lakini hapa lazima nikubali jambo lisilopendeza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ina makao yake Arusha, na Tanzania, iliyokuwa imewaruhusu raia na asasi tangu 2010 kuifikia moja kwa moja, iliondoa ruhusa hiyo Novemba 2019. Nyani haoni kundule. Mwanadiplomasia wetu akimwuliza mwenzake habari za wafungwa, mwenzake ana haki ya kumwuliza ya kwake, na atamwuliza. Hilo halituondolei wajibu wa kusema, lakini linapunguza idadi ya mambo tunayoweza kuyasema bila kuchekwa, na kila tunapojifungia mahakama nyumbani tunajifunga pia midomo Bujumbura, Kinshasa na kwingineko.

Nimekuwa nikieleza mambo yanayoweza kupangwa na kupanguliwa: saa ya kusema, mahali, sauti, nani aseme. Kuna moja lisiloingia katika hesabu hiyo, nalo ni kumrudisha mtu kwenye hatari aliyoikimbia. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inakataza, ule wa OAU wa 1969 unakataza, na ibara ya 5 ya huo wa OAU inataka kurudi kuwe kwa hiari ya mkimbizi mwenyewe. Serikali inaweza kumwita jirani ndugu na bado ikawa upande wa haki, mradi isimkabidhi mtu kama zawadi ya undugu huo. Agosti 2019 Tanzania na Burundi zilikubaliana kuanza kuwarudisha wakimbizi kuanzia Oktoba. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likasema hali haijafikia kiwango cha kuwahimiza watu warudi, Human Rights Watch ikaripoti wakimbizi kushinikizwa, na serikali yetu ikakanusha kwamba kuna anayelazimishwa. Ukitaka kujua wapi uhusiano mwema unaanza kuzila haki za watu, usitazame picha za viongozi. Tazama kama soko la kambi liko wazi, kama mgao wa chakula umepunguzwa, kama mtu anayejiandikisha kurudi anaweza kubadili nia kesho yake bila kusumbuliwa.

Na tunajua kwamba njia nyingine ipo, kwa sababu tumeifanya. Wakimbizi wa 1972 waliokuwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, waliulizwa mwaka 2007 wanataka nini. Karibu watu 218,000 walihesabiwa, mmoja kati ya watano akachagua kurudi Burundi, na waliobaki wakaomba uraia. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wakaanza kukabidhiwa vyeti vyao. Bujumbura haikuvunja uhusiano, reli haikung'olewa. Jambo hilo lilifanywa na serikali mbili zilizokuwa zikielewana, na sidhani lingewezekana kama zingekuwa zimenuniana. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaotaka mlango ufungwe kila damu inapomwagika.

Kuhusu biashara yako, ndugu yangu, sioni dhambi katika gunia la chumvi. Chumvi haimkamati mtu. Vikwazo vya 1996 vilionyesha kwamba anayeumia chumvi inapokosekana si yule unayemfikiria. Lawama ingekufika kama ungevusha kinachotumika kuwadhuru watu, au kama ungekubali kuwa macho ya mtu kwa malipo: kuna wafanyabiashara wa mipakani wanaoombwa majina ya waliopo kambini ili wapewe kibali haraka. Ukiombwa jambo hilo, afadhali mzigo wako uoze. Na kama unataka kufanya zaidi, mwulize mbunge wako kwa maandishi nini kiliandikwa katika makubaliano kati ya Tanzania, Burundi na lile Shirika la kuhudumia wakimbizi, na nani hukagua kwamba kurudi ni kwa hiari. Swali hilo lina nguvu likitoka kwa mtu ambaye mkate wake unategemea mpaka kuwa wazi, kuliko likitoka kwangu.

Limebaki la yule mama. Unasema amekuomba umwambie kama kijiji chao karibu na Rumonge kimetulia, ili aamue kurudi au kubaki, nawe unaogopa kumpotosha. Una haki ya kuogopa, kwa sababu neno "hiari" lote linasimama juu ya habari kama hiyo unayoombwa. Usimbebee barua yenye majina, wala usimtaje kwa mtu yeyote ng'ambo, hata kwa wema. Mweleze kwamba Shirika lina utaratibu wa kuwapeleka wawakilishi wa wakimbizi kutazama hali na kurudi kuwaeleza wenzao, na kwamba anaweza kuuliza kambini ziara kama hiyo itakuwapo lini. Kuhusu kijiji chenyewe, mwambie ulichokiona kwa macho yako na siku uliyokiona. Kama hukupita kwenye kiwanja chao, mwambie hukupita.